Saa ya Mkono ya Zamani: Iliyochakaa na Spea Zake, au Iliyofanywa Mpya?

Mtu anayekusanya saa za mkono za zamani hukutana na uamuzi huu mara kwa mara. Mbele yake zimewekwa saa mbili za toleo moja, zilizotengenezwa mwaka mmoja, na bei zake zimekaribiana. Ya kwanza uso wake umepauka, mishale yake ina vidoa na kasha lake limejaa mikwaruzo. Ya pili inameta kila upande na maandishi yake yanasomeka bila shida. Wanunuzi wengi wapya huchukua ya pili, na wengi wao huja kutambua, siku wanapotaka kuiuza, kwamba fedha yao ililipia kazi ya fundi wa rangi kuliko ilivyolipia saa. Ulinganisho huu unazipitia saa hizo sehemu kwa sehemu, kwa kutumia kigezo kimoja ambacho naona kinatosha kuamulia karibu kila saa: je, kilichobadilishwa kinaweza kurudishwa?

Tuanze kwa kuzitenganisha zinazouzwa. Saa bandia kabisa, ile iliyotengenezwa juzi ikabandikwa jina kubwa, tusiipotezee muda, kwa sababu mfuniko wa nyuma ukifunguliwa mashine yake huiumbua papo hapo. Ugumu uko kwenye saa ambazo kila moja ina kitu cha kweli ndani yake. Ipo saa ambayo haijaguswa, yaani iliyobaki na uso, mishale, kasha na mashine ilivyotoka navyo kiwandani, hata kama vyote vimechakaa. Ipo iliyopelekwa kwa kampuni iliyoitengeneza ikawekewa spea halisi lakini za miaka ya baadaye, kwa mfano uso wa miaka ya 1980 kwenye kasha la miaka ya 1960. Ipo iliyopakwa uso upya na kusuguliwa kasha mpaka ikapendeza. Na ipo saa ya kuungaunga, ambayo kila spea yake inaweza kuwa halisi, ila spea hizo hazikutoka kiwandani pamoja: kasha la saa moja, mashine ya nyingine, uso wa ya tatu.

Uso uliozeeka na uso uliopakwa upya

Nitakaa hapa zaidi kuliko kwingine, kwa kuwa uso ndio unaobeba sehemu kubwa ya thamani ya saa ya zamani, na ndio unaoharibiwa mara nyingi na watu wenye nia njema. Chukua Rolex Daytona za kutia ufunguo, ambazo zilianza kutoka mwaka 1963. Nyingi zilikuwa na uso wa kawaida, na chache zilikuwa na uso wenye nambari za mtindo wa Art Deco na vistari vinavyoishia kwa vijiraba ndani ya visahani vidogo, uso ambao wakusanyaji walikuja kuuita kwa jina la mwigizaji Paul Newman. Kasha ni lile lile na mashine ni ile ile. Saa iliyokuwa ya Newman mwenyewe iliuzwa kwenye mnada wa Phillips mjini New York mwezi Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17.7, na hata zile ambazo hazikuwahi kuvaliwa na mtu maarufu huuzwa kwa bei iliyo mbali sana na ya dada zake wa kawaida. Kwa hiyo mwenye Daytona ya kawaida anajua kwamba akibadilisha uso huo mmoja mwembamba wenye upana wa sentimita 3 hivi, bei hupanda mara kadhaa. Kishawishi hicho kimezaa nyuso nyingi za kughushi, na kinatosha kueleza kwa nini uchunguzi huanzia usoni.

Njia ya kulinganisha ni kushika lenzi ya kukuza mara 10 na kusoma jina la kampuni herufi moja moja. Kwenye uso wa kiwandani, herufi zina kingo kali, unene wake ni sawa mwanzo hadi mwisho, na vitundu vya ndani ya herufi kama o au e viko wazi. Kwenye uso uliopakwa upya, wino umetanuka kidogo, vitundu vimeanza kuziba, na nafasi kati ya herufi hazilingani na za picha za saa nyingine za toleo hilo. Ukimaliza jina, fuata vistari vya dakika kuanzia 12 na kuzunguka mpaka urudi pale pale. Kistari cha kila dakika ya tano kinatakiwa kusimama katikati ya alama ya saa inayohusika. Mpakaji asiyekuwa na mihuri ya kiwanda hulenga vizuri juu na chini, kisha vistari vikaanza kukwepa alama karibu na 4 au 8. Angalia pia neno SWISS lililo ukingoni kabisa chini ya 6. Kwenye saa nyingi za Uswisi neno hilo lilikuwepo tangu mwanzo, na wapakaji wengi hulisahau au huliweka juu mno.

Visahani vidogo vya kronografu, yaani saa zenye kipima muda cha kuwasha na kuzima kama Daytona, vina ushahidi wake. Vilikwanguliwa miviringo myembamba sana inayoshika mwanga kwa namna ya pekee unapoigeuza saa, na rangi mpya ikipita juu yake miviringo hiyo hujaa na kulegea. Uso ukitolewa kwenye kasha, tazama ukingo wake: kijipengo kilichochongwa kwa tupa mara nyingi kiliwekwa na mpakaji ili asipoteze mwelekeo wakati wa kuchapa.

Patek Philippe hutoa mfano bora wa tofauti isiyoweza kufutwa. Kwenye nyuso zake nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, jina na vistari vilichongwa kwanza ndani ya madini, vikajazwa unga wa enameli, kisha vikachomwa kwenye tanuri, ndipo uso ukasawazishwa na kupakwa fedha. Kazi ya namna hiyo haikuwa ya kushangaza kwa kampuni iliyonunuliwa mwaka 1932 na familia ya Stern, ambayo ilikuwa ya watengenezaji wa nyuso za saa. Jina lililochomwa hivyo lina mwili. Ukilitazama kwa pembeni unaona limeinuka au limekaa ndani ya madini. Uso huo ukisuguliwa na kuchapwa upya kwa wino, jina hulala bapa, na hakuna fundi anayeweza kurudisha enameli iliyoondolewa. Kati ya Calatrava, saa ya Patek ya mtindo wa kawaida, yenye madoa na jina la enameli, na nyingine nyeupe safi yenye jina la wino, mimi nachukua yenye madoa bila kusita.

Uso wa huduma, yaani ule uliowekwa na kampuni wakati wa matengenezo, uko katikati. Ni halisi, umechapwa vizuri, ila si wa umri wa saa. Hapa swali la kumuuliza muuzaji ni moja: uso wa awali uko wapi? Ukiwa kwenye bahasha pamoja na saa, mabadiliko hayo yanaweza kurudishwa na hasara ni ndogo. Ukiwa umebaki kwa fundi au umetupwa, saa hiyo ilinganishwe na saa ya kuvaa, na bei yake ishuke ipasavyo.

Liko pia suala la nyuso nyeusi zilizogeuka kahawia, ambazo wanunuzi huzipenda na kuzilipia ziada. Mabadiliko ya kweli huletwa na mwanga, joto na unyevu kwa miaka mingi, kwa hiyo mara nyingi hayako sawa kila mahali: ukingo uliofunikwa na pete ya ndani ya kasha hubaki mweusi kuliko katikati. Uso uliochomwa kwa makusudi huwa na rangi moja tupu, vanishi yake ina vipovu au nyufa, na rangi ya kung'aa iliyo juu yake imeungua pamoja nao.

Rangi inayong'aa gizani

Baada ya uso, rangi ya kung'aa ndiyo shahidi ninayemwamini kuliko wote, kwa kuwa huzeeka kwa kufuata fizikia. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, saa nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu, kitu chenye mionzi. Baadaye ikaja tritiamu, yenye mionzi dhaifu zaidi, na viwanda vikaanza kuweka herufi T chini ya uso, kwa mfano T SWISS T au SWISS – T<25. Mwaka 1993 kampuni ya Nemoto ya Japani ilitoa LumiNova, rangi isiyokuwa na mionzi, na kufikia mwisho wa muongo huo kampuni nyingi za Uswisi zilikuwa zikiiacha tritiamu.

Kutokana na historia hiyo, hesabu ni nyepesi. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi kadhaa, kwa hiyo uso uliopakwa mwaka 1965 leo umebakiwa na chini ya asilimia 4 ya nguvu yake ya mwanzo, na hauwezi kung'aa usiku kucha. Radiamu iko kinyume, kwani nguvu yake hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Lakini salfaidi ya zinki iliyochanganywa nayo ili itoe mwanga iliharibiwa na mionzi hiyo miaka mingi iliyopita, hivyo uso hauonekani gizani huku kipima mionzi kikiendelea kulia. Ukimulika tritiamu kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno, huitikia na kuzimika mara tu unapoizima tochi, wakati rangi mpya hubaki inang'aa. Saa inayoonyesha SWISS – T<25 ya miaka ya 1960 na bado inasomeka saa nane za usiku imepakwa upya, hata kama muuzaji ataapa.

Linganisha sasa mishale na alama za usoni. Tofauti ndogo ya rangi ni ya kawaida, kwa sababu mishale ilipakwa kivyake na imekaa kwenye mazingira tofauti kidogo. Tofauti kubwa, kwa mfano alama za rangi ya malai na mishale ya kijani kibichi, ina maana kwamba kimoja kati ya viwili hivyo kimebadilishwa. Kwenye saa za radiamu kuna alama nyingine nzuri sana: saa ikikaa kabatini miaka mingi bila kutiwa ufunguo, mishale yake huunguza uso polepole na kuacha kivuli cha kahawia pale ilipokuwa imesimama. Kivuli hicho kina umbo la mishale iliyokuwepo. Kikiwa kipana kama upanga, na mishale iliyopo ni myembamba kama sindano, umeshapata jibu bila kumuuliza mtu.

Kukwangua rangi ya zamani na kupaka mpya ni badiliko lisilorudishwa. Kama mishale inamwaga unga, fundi anaweza kuishika rangi ile ile kwa gundi nyembamba upande wa nyuma, na hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu. Ni lazima pia kusema wazi kwamba vumbi la radiamu ni hatari likivutwa au likimezwa: saa ya namna hiyo isifunguliwe mezani kwa ajili ya kudadisi, rangi yake isikwanguliwe, na mkusanyo mkubwa wa saa hizo usihifadhiwe kwenye chumba cha kulala kisichopitisha hewa, kwa kuwa radiamu hutoa gesi ya radoni.

Kasha lenye mikwaruzo na kasha lililosuguliwa

Chuma kilichoondolewa na gurudumu la polishi hakirudi. Hapo ndipo kasha lenye mikwaruzo linapolizidi linalometa, ingawa jicho la haraka linasema kinyume. Shika saa kwa pembeni na ulinganishe masikio manne ya kushikia mkanda. Kwenye kasha ambalo halijasuguliwa, masikio yote yana unene mmoja, na mstari unaotenganisha sehemu ya juu yenye nywele za brashi na ubavu laini ni mkali kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha. Kasha lililosuguliwa mara nyingi limepoteza mstari huo. Masikio yamekonda, moja zaidi ya mengine, na matundu ya pini yamesogea karibu mno na ukingo.

Kwenye Rolex za zamani, nambari ya toleo imechongwa kati ya masikio upande wa 12 na nambari ya saa yenyewe upande wa 6, kwa hiyo mkanda lazima utolewe ili zisomwe. Nambari za kiwandani zimechongwa kwa kina na sehemu ya chini ya mchongo hushika mwanga, ilhali zilizoandikwa upya kwa asidi huonekana zimefifia na kuwa na chembechembe. Nambari isiyosomeka kabisa kwa sababu ya kutu ya jasho inavumilika, mradi bei ipunguzwe ipasavyo. Nambari inayosomeka vizuri mno kwenye kasha lililokonda inatia shaka zaidi.

Kwa saa za dhahabu za Uswisi, mihuri midogo ya serikali hufanya kazi ya kipimo. Kichwa cha Helvetia, mwanamke anayewakilisha Uswisi, kilikuwa muhuri wa dhahabu ya karati 18 na kindi alikuwa wa karati 14, mpaka mwaka 1995 ilipoanza kutumika alama ya kichwa cha mbwa wa Mtakatifu Bernard. Muhuri wenye nywele na pua zinazoonekana ni ushahidi kwamba kasha halijasuguliwa sana. Uliobaki kivuli unaonyesha kiasi cha dhahabu kilichokwenda. Na kichwa cha mbwa kwenye saa inayouzwa kama ya mwaka 1960 kinaibua maswali ambayo muuzaji anapaswa kuyajibu kabla ya fedha kutoka.

Siku hizi mafundi wachache wanaweza kuongeza chuma kwa kulehemu kwa leza na kuchonga kingo upya. Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni ngumu kuiona, na baadhi ya wakusanyaji wanaikubali. Mimi naiweka pamoja na uso uliopakwa: inafaa ikitangazwa, na ni udanganyifu ikifichwa.

Mashine: hapa ukali upunguzwe

Kwenye mashine naachana na wale wanaotaka kila skurubu iwe ya siku ya kwanza. Springi kuu, vizibo vya kuzuia maji na magurudumu yaliyolika ni vitu vya kubadilishwa, na saa inayoendeshwa na mafuta yaliyokauka hujisaga yenyewe kila siku inapovaliwa. Kati ya saa mbili zenye uso na kasha sawa, ile yenye stakabadhi ya matengenezo na orodha ya spea zilizobadilishwa ni bora kuliko ile inayosifiwa kwamba haijawahi kufunguliwa tangu inunuliwe.

Linalotakiwa ni kwamba mashine iwe ya aina sahihi na ya kipindi sahihi. Omega Speedmaster inafundisha jambo hili vizuri. Mpaka mwaka 1968 ilitumia mashine ya 321. Kuanzia hapo ikaja 861, ambayo muundo wake wa kuwasha na kuzima kronografu ni tofauti kabisa. Speedmaster inayotangazwa kuwa ya mwaka 1966 huku ndani ikiwa na 861 ni ya kuungaunga, hata kama kila kipande chake kimeandikwa Omega. Kwenye saa za Omega za miaka hiyo, nambari iliyo kwenye mashine huonyesha kipindi chake, na nambari ya toleo iko ndani ya mfuniko wa nyuma. Zilinganishwe zote mbili, kisha zilinganishwe na uso na mishale.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye mashine zilizouzwa kwa kampuni nyingi. Valjoux 72, kwa mfano, ndiyo iliyokuwa msingi wa Daytona za kutia ufunguo mpaka zilipokoma mwaka 1988, na ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ndani ya Heuer Carrera ya mwaka 1963 na kronografu nyingine za bei ya chini zaidi. Mtu anaweza kuihamisha kutoka saa hizo, lakini Rolex iliifanyia marekebisho yake na kuiandika kwa namna yake, na fundi aliyewahi kuzifungua huzitambua.

Sehemu ndogo zilizobaki zipitiwe haraka. Kioo cha plastiki, kitufe cha kutilia ufunguo, pini na mkanda hubadilika kirahisi na kurudishwa kirahisi, na kutokuwepo kwa vya awali kupunguze bei kwa kiasi cha gharama ya kuvitafuta, basi. Kioo cha plastiki cha Speedmaster kina alama ndogo mno ya Omega katikati, ambayo huonekana kwa lenzi. Isipokuwepo, kioo si cha kampuni, na hiyo si sababu ya kuiacha saa. Tahadhari ni moja tu: baadhi ya vitu vinavyorudishika ni ghali. Pete ya nje ya Speedmaster za kabla ya miaka ya 1970, yenye nukta juu ya nambari 90 badala ya pembeni yake, hutafutwa sana, na anayekuuzia saa bila pete hiyo asikwambie kwamba utaipata wiki ijayo.

Karatasi dhidi ya saa iliyo mkononi

Wanunuzi wengi hutulia wanapoona karatasi, na utulivu huo mara nyingi huja mapema mno. Cheti cha siku ya mauzo na sanduku vinaweza kununuliwa peke yake na kuoanishwa na saa nyingine, hasa pale ambapo nambari haikuandikwa kwa ukamilifu. Dondoo la kumbukumbu, linalotolewa na kampuni kama Patek Philippe na Longines, lina uzito zaidi kwa kuwa linatoka kwenye vitabu vya kiwanda. Hata hivyo dondoo linaeleza saa ilivyokuwa ilipotoka, kama vile nambari ya mashine na tarehe, na halithibitishi kwamba uso ulio mbele yako ndio ule ule. Rolex haitoi dondoo la aina hiyo kwa umma, kwa hiyo kwa saa zake ushahidi wa macho hauna mbadala.

Kisa cha Speedmaster ya toleo 2915-1 kinapaswa kukumbukwa na kila anayeamini mnada mkubwa kwa sababu ya ukubwa wake. Saa hiyo, ya toleo lililoanza mwaka 1957, iliuzwa mjini Geneva mwezi Novemba 2021 kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi, na mnunuzi alikuwa Omega wenyewe kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 Omega walitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa spea zilizotoka kwenye saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wao watatu walihusika. Spea nyingi zilikuwa za kweli, na ndiyo maana ilipita kwenye macho ya wataalamu.

Ukilazimika kuchagua kati ya saa yenye karatasi nzuri na uso wenye mashaka, na saa isiyokuwa na karatasi lakini kila sehemu yake inakubaliana na nyingine kwa umri, rangi na uchakavu, chagua ya pili. Uchakavu unaokubaliana ni mgumu sana kuughushi. Mishale yenye vidoa juu ya uso safi, kasha lililokonda lenye mfuniko wa nyuma wenye mchongo mkali, kitufe kipya kwenye shingo iliyolika: kila tofauti ya namna hiyo ni swali, na maswali matatu kwenye saa moja yanatosha kuiacha.

Seiko au Uswisi kwa anayeanza

Kwa mtu anayetaka kujifunza macho kabla ya kutumia fedha nyingi, Seiko za miaka ya 1960 na 1970 zina faida moja ambayo za Uswisi nyingi hazina: nambari iliyo nyuma ya kasha inasema tarehe. Tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka na inayofuata ni mwezi, ambapo miezi mitatu ya mwisho huandikwa kwa O au 0, N na D. Kwa kuwa tarakimu hiyo hurudi kila baada ya miaka 10, inabidi kujua mashine ilitengenezwa kipindi gani. 6139, kwa mfano, ilitoka mwaka 1969, kwa hiyo 9 kwenye saa ya mwanzo ya aina hiyo haiwezi kuwa 1959. Nyuma ya kasha pia pana nambari ya mashine na ya kasha, na chini ya uso kuna msimbo mdogo, hivyo mwanafunzi anaweza kulinganisha vitu vitatu bila kufungua chochote. Maandishi ya uso na ya nyuma yanapaswa kukubaliana pia: saa za mwanzo ziliandikwa PROOF kwa habari ya maji, za baadaye zikaandikwa RESIST, na saa yenye neno moja mbele na jingine nyuma inahitaji maelezo.

Hasara ya Seiko ni wingi wa nyuso na mishale ya kutengenezwa na watu wengine, hasa kwa toleo la 6139 lenye uso wa njano ambalo mwanaanga William Pogue alivaa ndani ya kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973. Spea hizo ni rahisi, zinapatikana kwa urahisi, na wauzaji wengi huziweka bila kusema. Upande wa Uswisi, spea za kughushi ni ghali zaidi na zimetengenezwa kwa uangalifu zaidi, na kosa moja huumiza mfuko kwa miaka. Kwa sababu hiyo nashauri mtu aanze na Seiko chache zisizoguswa, hata zisizotembea, azifungue mbele ya fundi, ajifunze jinsi kitu halisi kinavyozeeka, ndipo aende kwa Omega au Rolex.

Ipi ya kuchukua

Anayetaka saa ya kuvaa kila siku hana sababu ya kuogopa ile yenye spea za huduma. Uso wa huduma unaosomeka, mishale mipya na vizibo vipya vitamfaa kuliko uso dhaifu wa enameli au mishale ya radiamu, mradi alipe bei ya saa ya huduma na aandikiwe kila kilichobadilishwa. Anayekusanya kwa ajili ya kuhifadhi achukue isiyoguswa, hata kama inahitaji matengenezo ya mashine, kwa kuwa mashine inatengenezeka na uso hautengenezeki. Saa iliyopakwa upya ina nafasi moja tu ambayo naikubali kwa moyo wote, nayo ni saa ya urithi ambayo familia inataka iendelee kuvaliwa. Hata hapo, uso wa zamani utafutiwe mwingine wa kipindi kile badala ya kukwanguliwa, na wa awali uwekwe kwenye bahasha. Ya kuungaunga inunuliwe kwa bei ya spea zake tu, na mnunuzi aamue kwanza ni spea ipi anayoihitaji kwa saa gani.

Kabla ya kulipa, omba picha ya mashine, ya ndani ya mfuniko wa nyuma, na ya nambari kati ya masikio mkanda ukiwa umetolewa. Muuzaji anayejua alichonacho huwa nazo tayari au huzipiga siku hiyo hiyo. Anayejibu kwamba kufungua saa kutaiharibu, huku akidai fundi wake aliitengeneza mwezi uliopita, aachiwe saa yake, na makubaliano yoyote na muuzaji mwingine yaandikwe yakitaja uso, mishale, kasha na mashine kila kimoja peke yake: cha awali, cha huduma, au kilichopakwa upya.